Kilo Nne, Lita Nne

Katika mashine ya Mama ya kukoboa mpunga, kule Mlimba, kila kitu kinapimwa kwa kilo isipokuwa kimoja. Mpunga ukiingia unapimwa kwa kilo, mchele ukitoka kwa kilo, chenga kwa kilo, hata pumba wanazochukua wafuga kuku na wachoma matofali siku hizi zinapandishwa mizanini. Dizeli peke yake ndiyo inayokwenda kwa lita. Inaletwa kwenye madumu ya njano ya lita ishirini, inaandikwa daftarini kwa lita, inalipiwa kwa lita. Lakini kijitabu kilichokuja na injini, chenye Kiingereza cha kubahatisha na picha ya mkono unaozungusha hendeli, kinaitaja dizeli kwa gramu.

Hapo katikati, baina ya gramu za kijitabu na lita za daftari, fundi wetu alipata jina la mwizi.

Habari hizo zilinifikia kwa simu. Ulikuwa mwezi wa saba, niko Dar es Salaam nahangaika na sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili, na Mama alipiga kulalamikia mambo matatu kwa mpigo: bei ya mpunga, goti lake, na fundi. "Ananinywea mafuta," alisema. "Lita kumi kwa siku, mwanangu. Mjomba wako amepiga hesabu. Kitabu ndicho kinachosema, siyo mimi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kupita haraka, kwamba ameanza kumkata shilingi elfu tano kila siku mpaka deni liishe.

Fundi analipwa elfu kumi na mbili kwa siku wakati wa msimu.

Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, na amekaa na mashine yetu tangu niko kidato cha tatu. Hakusomea ufundi chuo chochote. Anajua kwa mlio tu kwamba mpunga wa mteja haujakauka vizuri, na injini ikianza kukohoa anabana mlango wa kinu kabla wewe hujaona moshi. Mvua ikinyesha usiku anaamka kwao na kuja kuangalia kama turubai halijapeperuka. Mambo haya Mama anayajua kuliko mimi. Ndiyo maana hesabu ya Mjomba ilimuuma kiasi kile: alikuwa na mtu anayemwamini na karatasi anayoiamini, na havikuwa vinaelewana.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kijitabu kinasema injini ina nguvu ya kilowati 16, ile tunayoiita farasi ishirini na mbili, na kwamba ikifanya kazi kwa mzigo kamili inatumia gramu 250 za dizeli kwa kila kilowati-saa. Mjomba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alizidisha 16 kwa 250 akapata gramu 4,000. Kilo nne kwa saa. Mashine inanguruma saa kumi kwa siku, kwa hiyo kilo arobaini. Akafungua daftari la Mama, akakuta kila siku yameandikwa madumu mawili na nusu, yaani lita hamsini. Hamsini toa arobaini. Kumi.

Kuzidisha kuko sawa, kutoa kuko sawa. Wala Mjomba si mtu wa kumchimba mwenzake. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya kwa kupenda. Kilichotokea ni kwamba mahali fulani kati ya mstari wa tatu na wa nne neno kilo liligeuka kuwa lita, kimyakimya, na hakuna aliyeliona likigeuka. Tuchukue bei ya shilingi elfu tatu kwa lita, kwa urahisi tu wa hesabu: lita kumi ni elfu thelathini kwa siku, mara mbili na nusu ya ujira wa mtuhumiwa. Kwa mwezi ni zaidi ya madumu kumi na mawili. Mama alishaanza kuona viatu vipya miguuni mwa fundi.

Yeyote aliyewahi kufanya jaribio la injini maabara angejua pa kuangalia. Watengenezaji wa injini hutaja mafuta kwa tungamo, hicho ambacho sokoni tunakiita uzito, kwa sababu joto linalopatikana kwenye mafuta linafuata tungamo. Kilo moja ya dizeli ina kama megajuli 43, iwe asubuhi ya baridi kule Makambako au saa nane mchana Ifakara. Lita ni nafasi tu, na nafasi inatanuka jua likiwaka. Kutoka kwenye kilo kwa saa kwenda kwenye lita kwa saa unagawanya kwa densiti, yaani kilo ngapi zinakaa ndani ya lita moja. Kwa dizeli ni kitu kati ya 0.82 na 0.86. Kilo arobaini gawanya kwa 0.84 ni lita 47.6.

Nilimweleza Mama vyote hivyo kwa simu, pole pole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hizo ni za chuo." Akakaa kimya kidogo. "Na hizo mbili na nusu zilizobaki?"

Nikaona hili jambo halitaisha kwa simu.

*

Lawama kubwa mimi nayapa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hilo tumelimeza tangu darasa la nne kiasi kwamba limekuwa kama sheria ya vimiminika vyote. Tena si bahati: kilo yenyewe ilizaliwa majini. Wafaransa walipotunga vipimo vyao mwaka 1795, walichukua sentimita moja ya ujazo ya maji wakasema uzito wake uitwe gramu. Kwa hiyo kwenye maji kilo na lita ni ndugu wa tumbo moja, na mtu aliyezoea maji haoni sababu ya kuuliza.

Nasi wa Mlimba tumeyazoea maji. Si mbali na kwetu kuna kituo cha umeme cha Kihansi, megawati 180, ambako maji yanaporomoka kama mita 850 kabla ya kuigusa mitambo. Mhandisi wa pale akisema mita moja ya ujazo kwa sekunde, ameshasema tani moja kwa sekunde. Hahitaji kugawanya kitu. (Ndiyo, tunakoboa kwa dizeli tukiwa jirani na Kihansi. Kiwanja cha mashine kiko nje ya mji na umeme wa njia tatu haujafika pale. Hiyo ni insha nyingine.) Lakini mwaga dizeli kwenye ndoo yenye maji uone: inapanda juu, inatandaza rangi zake, inakuonyesha mbele ya macho yako kwamba lita yake ni nyepesi. Kila mtu Mlimba amewahi kuona hivyo kwenye dimbwi lililo karibu na pikipiki. Kuona na kuhesabu ni vitu viwili tofauti.

Nilipanda treni ya TAZARA. Babu yangu alikuwa mmoja wa maelfu ya vibarua walioijenga reli ile na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, na kwa watoto wa Mlimba reli si chombo cha usafiri tu, ni sababu ya sisi kuwepo pale. Mji wetu uko mguuni pa mlima. Kutoka hapo kwenda Makambako ndiko kuliko na mahandaki na madaraja marefu, na treni inayopita kwetu ikielekea juu inabadilisha sauti kabisa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunasema treni inakula. Hatukuwahi kujiuliza inakula kilo au inakula lita.

Usiku ndani ya behewa niliwaza ile ndege ya Kanada ambayo wahadhiri hawaachi kuitaja. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Ilikuwa aina mpya, na mafuta yake yalihesabiwa kwa kilo wakati ndege nyingine za shirika zilikuwa bado kwenye pauni. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kipimo cha mafuta cha ndege kilikuwa kibovu, hivyo wakapima kwa kijiti, wakapata lita 7,682 zimo matangini. Ili kupata kilo wakazidisha kwa 1.77. Namba hiyo ni sahihi, ila inakupa pauni. Ya kilo ilikuwa kama 0.80. Wakaongeza lita zisizofika 5,000 mahali palipohitaji zaidi ya 20,000, na karatasi ikasema kila kitu kiko sawa. Ndege ikazimika injini zote mbili ikiwa angani. Rubani aliishusha kama tiara kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mahali panapoitwa Gimli, ambapo siku hiyo watu walikuwa wamekusanyika kwa mashindano ya magari. Hakufa mtu.

Mwanafunzi mwenzangu huwa anaisimulia hadithi hiyo kama kichekesho. Mimi safari hii niliiona kwa upande mwingine. Kule hesabu ilisema mafuta yapo kumbe hayapo, na kwa kuwa injini haidanganyiki, ukweli ulijitokeza ndani ya saa chache. Kwetu hesabu ilisema mafuta yameibwa, kumbe nyingi ya lita hizo hazikuwahi kuwepo duniani. Kitu ambacho hakijawahi kuwepo hakiwezi kuzima injini. Kinaweza kukaa daftarini msimu mzima, kinakata mshahara wa mtu, na mashine inaendelea kunguruma kama kawaida.

*

Nilifika, nikamwamkia Mama, nikamwamkia Mjomba, nikala. Kisha nikaomba mizani.

Mizani ya mashine ni ya umeme, ya kusimama chini, ya kupimia magunia, na inasoma kwa hatua za gramu ishirini. Wakala wa Vipimo wameibandika stika yao. Niliona ni heri kutumia kitu ambacho Mama mwenyewe anakiamini kuliko kuja na vioo vya maabara. Tulitafuta dumu dogo la mafuta ya kula, la lita tano, tukaliosha na kulianika. Nikalijaza maji hadi mizani iliposoma kilo tano kamili baada ya kutoa uzito wa dumu tupu, na fundi akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika. Hiyo ikawa lita tano yetu. Tukamwaga maji, tukalikausha, tukajaza dizeli hadi mstari uleule.

Kilo 4.18.

Mama aliinama akaisoma mwenyewe. Akaondoa dumu, akaacha mizani irudi sifuri, akalirudisha. Kilo 4.18.

"Mbona imepungua?" aliuliza.

"Mama, debe la mpunga ni kilo ngapi?"

"Ukiwa mkavu? Kumi na moja, kumi na mbili hazifiki."

"Na debe la mchele?"

"Kumi na tano, kumi na sita." Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Mpunga una maganda na hewa katikati. Mchele unajipanga."

"Debe si lilelile?"

Hakunijibu. Aligeuka akamtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa ameshavua miwani.

Nakiri nilifurahi kuliko ilivyopasa. Kwa sababu hiyo ndiyo densiti, na Mama anaijua kwa mikono yake tangu kabla sijazaliwa. Bonde zima la Kilombero linaijua. Ugomvi wa lumbesa, ule unaowafanya wakulima wapandishe sauti kila msimu, ni ugomvi wa ujazo na uzito: mnunuzi anataka alipe kwa gunia halafu analishona kilemba juu, mkulima anataka alipwe kwa kilo. Kila mkulima anajua kwamba mpunga wenye mapepe unajaza debe bila kujaza mizani. Hakuna mtu Mlimba angekubali debe la mpunga lihesabiwe kilo sawa na debe la mchele. Angeitwa tapeli mchana kweupe. Ila dizeli imekuja na kitabu cha kigeni, na kitabu cha kigeni tunakiamini kimya.

Siyo sisi tu tunaoishi kwenye mpaka huo. Mafuta yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam yananunuliwa kwa tani, na kila mwezi EWURA wanapotangaza bei kikomo wanaitangaza kwa lita. Mahali fulani katikati kuna mtu amegawanya kwa densiti. Nchi nzima inalipa jibu lake.

Kilo 4.18 gawanya kwa lita tano ni 0.836. Namba hiyo ilinipa na faraja ya pembeni. Zamani kidogo, kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, uchakachuaji ulikuwa ugonjwa wa nchi: dizeli inachanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi zaidi, na injini za watu zinakufa. Dizeli yetu ingekuwa imechanganywa vibaya ingeshuka kuelekea 0.80. Haikuwa hivyo. Kilo arobaini za Mjomba, kwa 0.836, zikawa lita 47.8.

"Hamsini toa arobaini na nane," alisema Mama. "Mbili."

Fundi alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba muda wote huo, hajasema neno.

*

Lakini kusema kweli mimi mwenyewe sikuiamini ile kilo nne. Namba ya kijitabu ni ya injini mpya, iliyofungwa kwenye benchi la majaribio, ikivuta mzigo wake wote bila kupumzika. Yetu ina miaka, nozeli yake imechoka, na haivuti mzigo kamili saa kumi mfululizo. Kuna dakika za kusubiri mteja afungue magunia, kuna dakika za kurekebisha mkanda. Mzigo ukipungua, mafuta kwa saa yanapungua. Nozeli ikichoka, yanaongezeka. Mambo hayo mawili yanaweza kukutana pazuri kwa bahati tu, na bahati siyo kitu cha kumsafishia mtu jina.

Basi kesho yake tulipima mtiririko wenyewe. Tulipandisha mizani juu ya matofali, mbali na sakafu ya injini ili isitikisike, tukaweka dumu la dizeli juu yake, na fundi akachomoa mpira wa tangi akauingiza dumuni. Nilikuwa nataka kumwambia kuhusu mpira wa pili, ule mwembamba unaorudisha dizeli inayovuja juu ya nozeli, maana usiporudishwa kwenye dumu lilelile unahesabu kuwa imeliwa wakati haikuliwa. Nilipogeuka nilikuta ameshauingiza. "Huu nao, dada," alisema, "la sivyo itaonekana tunakunywa."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu jambo lile.

Mama alishika simu yenye saa. Mjomba alishika daftari. Kila baada ya dakika kumi alisoma mizani kwa sauti, kama anaita mahudhurio, na mteja aliyekuwa anasubiri mchele wake aliuliza kama sisi ni watu wa serikali. Saa ya kwanza, mpunga mkavu wa Saro, injini ilitumia kilo 3.88. Hiyo ni lita 4.64. Mchana akaja mtu na magunia ambayo hayajakauka, kinu kikalalamika, na saa hiyo ikawa kilo 4.20, lita 5.02. Tulipima saa nne kwa siku mbili. Zote zilicheza humo humo. Kwa siku ya saa kumi injini ilikuwa inataka lita arobaini na saba, na siku mbaya arobaini na tisa.

Kijitabu kilikuwa karibu na ukweli, kwa sababu zisizo zake.

Zilibaki zile lita mbili. Mjomba alikuwa tayari kuziacha. Alisema, kwa heshima ya mtu anayerudi nyuma taratibu, kwamba mbili ni za kumwagika na za kuoshea chujio. Mama hakuwa tayari. Nami, nikitazama mizani ikiwa pale pale na madumu mapya mawili yaliyoletwa asubuhi yakiwa bado yamefungwa, nilifikiri kwamba hesabu tuliyoifanya kwenda mbele inaweza pia kurudi nyuma. Ukiwa na densiti, lita zinakupa kilo na kilo zinakupa lita. Dumu la lita ishirini, kwa 0.836, linapaswa kubeba kilo 16.72 za dizeli.

Tukapandisha la kwanza. Baada ya kutoa dumu tupu: kilo 16.08. La pili: kilo 16.06.

Mjomba aligawanya mwenyewe, hakunisubiri. Lita kumi na tisa na robo kasoro kidogo. Alirudia. Kisha akazidisha kwa mbili na nusu, akapata arobaini na nane.

Joto la mchana nililiwaza. Dizeli ikipata joto la nyuzi kumi zaidi inatanuka kama asilimia 0.8, kwa hiyo ukinunua dumu la moto mchana na kulipima asubuhi likiwa limepoa, litaonekana limepungua kama kikombe kimoja cha chai. Lakini uzito wake hauguswi na joto hata kidogo, na kilichokosekana kwetu kilikuwa uzito: zaidi ya nusu kilo kwa kila dumu. Jua haliibi kilo.

Hakuna aliyetaja jina. Anayetuletea madumu ni mtu tunayemjua, na ndiye anayetukopesha dizeli miezi ya masika wakati mpunga uko shambani na mkononi hakuna kitu. Inawezekana naye anapunjwa huko anakochukua. Madumu yake hayana mstari. Mama alikaa muda mrefu akiyatazama yale madumu mawili. Nilimwona akipiga hesabu ile nyingine, ambayo haina densiti: nani unaweza kumgombeza na nani huwezi. Fundi alikuwa mtu wa kukatwa elfu tano. Mwenye madumu ni mtu wa kusalimiwa vizuri.

*

Makato yalikuwa ya siku kumi na nane, shilingi elfu tisini. Mama alizihesabu jioni, zote noti za elfu tano, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kumwita fundi ndani, siyo pale kiwanjani. Sikuwepo chumbani, nilikuwa ukumbini na Mjomba, ambaye alikuwa anajifanya anasikiliza redio. Tulisikia sauti ya Mama kwa muda mfupi na ya fundi kwa muda mfupi zaidi.

Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu.

"Dada, naomba uniandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Yote. Ile ya kilo na lita. Namba zote, na uweke sahihi yako na ya Mwalimu."

Niliandika kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa katika daftari lilelile: kilowati 16, gramu 250, dumu la lita tano, kilo 4.18, gawanya, 0.836. Niliandika saa nne tulizopima. Kuhusu madumu alinizuia. "Hiyo acha," alisema. "Mimi ya kwangu tu." Mjomba alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na chini yake akaandika, bila kuulizwa, kwamba hesabu ya awali ilikuwa yake. Fundi aliisoma yote, mdomo ukitembea. Akauliza densiti inaandikwaje kwa Kiswahili, nikamwambia hivyo hivyo, kama inavyotamkwa.

Wiki iliyofuata, siku niliyokuwa naondoka, Mama alikuwa amelichukua lile dumu la lita tano lenye mstari na kuliweka kwenye rafu, karibu na picha ya Babu. Dizeli ilipoletwa alisema tu kwamba tangu sasa atapima. Aliyeleta alicheka, akauliza ni nani amewahi kununua dizeli kwa kilo. Mama akamwambia ndege zinanunua. Sijui alilitoa wapi, maana ile ya Gimli sikumsimulia yeye, nilimsimulia Mjomba.

Mashine ilikoboa mpaka mwezi wa kumi. Fundi alimaliza msimu, hakukosa hata siku moja, na daftari lilikaa kwenye arobaini na nane, arobaini na saba. Msimu ulipokwisha aliaga vizuri, akaenda kuendesha mashine nyingine upande wa Mngeta, na Mama alipompigia mwezi wa tano kumwambia mpunga umeanza kuingia, alimjibu kwa adabu zote kwamba huko alipo wameshakubaliana. Karatasi ameondoka nayo. Anayeendesha mashine sasa ni kijana wa jirani, bado anajifunza, na simu za Mama siku hizi ni kuhusu goti, bei ya mpunga, na mikanda inayokatika.